Gereji ya Ndeeba iliyonirudishia breki

Baada ya fundi mmoja kunibadilishia breki za mbele za gari langu la zamani, kutoka za ngoma hadi za diski, pedali ilizama karibu na sakafu, na kila nilipoteremka kilima cha Nakasero moyo ulinidunda. Gereji ndogo niliyolipeleka huko Ndeeba, Kampala, haikukimbilia kuniuzia vipuri. Fundi aliingia uvunguni, akanimulikia kwa tochi: kalipa, yaani vibanio vinavyobana diski, zilikuwa zimefungwa pande zisizo zake, ya kulia kushoto, hivyo nipo (viskurubu vyenye tundu) za kutolea hewa zilielekea chini, ilhali hewa iliyonaswa kwenye oili ya breki, ambayo ndiyo huzamisha pedali, hukaa juu; ungemwaga oili kutwa nzima na hewa isitoke. Walizirudisha mahali pake, wakatoa hewa mpaka mapovu yakaisha kwenye mpira mwembamba uliotumbukizwa chupani.

Pedali ilipanda, ingawa bado ilikwenda mbali kidogo. Hapo ndipo walipobadilisha masta silinda, pampu inayosukuma oili ya breki ukikanyaga pedali, kwa kuwa ile ya zamani haikusukuma oili ya kutosha kwa pistoni kubwa za kalipa. Bei ilinibana, na nilisubiri siku mbili, lakini sasa pedali inasimama juu na ni ngumu, nami nimewapelekea na gari la kaka yangu.