Miezi mitano na Anki: maneno ya IELTS, kadi za kupakua na kadi nilizoandika mwenyewe

Niseme mapema kwamba mimi si mwalimu wa Kiingereza. Ni afisa ugani, kituo changu kipo Makambako, na Kiingereza changu ni cha sekondari na chuo: ripoti nasoma na naelewa, ila nikiambiwa niandike ukurasa mmoja naanza kutafuta chaja ya simu. Niliomba nafasi ya shahada ya pili nje, wakataka IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, alama 6.5 kwa jumla na kila sehemu isishuke chini ya 6. Mara ya kwanza nikapata 6 kwa jumla, na kwenye kuandika nikaangukia 5.5. Insha nzima ya maneno 250 nilikuwa nazungukazunguka na "good", "bad", "big" na "many people".

Kabla ya hapo nilinunua kitabu cha fotokopi kwenye kituo kimoja cha masomo ya jioni, maneno elfu moja na tafsiri zake kwa mpangilio wa alfabeti. Nilikariri hadi herufi C, nikakwama. Mpaka leo "abundant" na "candid" ninazo kichwani, pa kuzitumia sijapapata.

Ndipo nikahamia Anki. Ni programu ya kadi: mbele swali, nyuma jibu. Ukishaona jibu unabonyeza kwamba umesahau, au ilikuwa ngumu, au sawa, au rahisi, nayo inapanga yenyewe kadi irudi lini. Uliyoisahau inarudi baada ya dakika chache, unayoijua inasogezwa mbele siku nne, wiki mbili, miezi. Kwenye kompyuta na simu za Android ni bure. Wenye iPhone wanalipa kama dola 25. Ukishapakua kadi zako huhitaji bando. Mimi nimeifungua ndani ya basi la Dar data ikiwa imezimwa kabisa. Sura yake haivutii hata kidogo, utadhani aliyeitengeneza hakutaka wateja, na siku mbili za kwanza nilikuwa nabonyezabonyeza tu bila kujua nilipo.

Nilianza kwa kupakua kadi za watu wengine, zilizotokana na orodha ya msamiati wa kitaaluma aliyoitoa Averil Coxhead huko New Zealand mwaka 2000. Ni familia 570 za maneno (neno pamoja na yanayotokana nalo) yanayojirudia sana kwenye maandishi ya vyuoni, yakianzia na yale yanayotokea mara nyingi zaidi. Orodha yenyewe ni nzuri. Kosa lilikuwa kwenye kadi, maana kila neno lilipewa tafsiri moja ya Kiswahili, basi. Baada ya wiki tatu nilikuwa najibu kama risasi. "Significant"? Muhimu. Sawa, inayofuata. Nikaandika insha ya mazoezi, nikampelekea rafiki yangu anayefundisha sekondari. Akaishia kwenye sentensi "Water is very significant for maize", akacheka, akaniambia: "Ndugu yangu, hapo ni 'important' tu. Hiyo yako ipeleke kwenye grafu, mavuno yakiongezeka kwa kiasi cha kuonekana."

Jioni ile nilifuta karibu nusu ya kadi nilizopakua, nikaanza kuandika zangu. Sheria yangu ilikuwa moja: kadi lazima iwe sentensi ya kazini kwangu yenye pengo, na neno liwe lile ambalo nilishalikosea kwenye insha. Hapo ndipo niligundua Kiswahili kinasaidia kuliko nilivyodhani. "Affect" na "effect" zilikuwa zimenitesa tangu kidato cha pili. Nyuma ya kadi nikaandika: ukame uliathiri mavuno, athari ya ukame. Kuathiri ni "affect", athari ni "effect", na sijachanganya tena. "Rise" na "raise" vilevile. Bei zilipanda, "prices rose". Wafanyabiashara walipandisha bei, "traders raised prices". Pale Kiswahili kinapodai -sha, Kiingereza kinadai "raise". Kuna mahali Kiswahili kinakuponza pia. Sisi tunaazima na tunaazimwa kwa kitenzi kilekile, kwa hiyo "borrow" na "lend" ilibidi kila neno nilitengenezee kadi sita, tena za mkopo wa mbolea.

Kinachochosha sasa. Programu yenyewe inakupa kadi mpya 20 kwa siku. Mimi kwa pupa nikaweka 40, nikaondoa na kile kikomo cha marudio. Ukapatikana msiba, nikaenda Singida siku tano. Niliporudi zilikuwa zinanisubiri kadi mia nne na kitu, na kila ukimaliza kumi unaona kama hujagusa. Nusura niifute. Nilichofanya ni kuzima kadi mpya kwa wiki mbili, nikamaliza deni polepole asubuhi kabla ya kwenda shambani kwa wakulima. Ukianza, weka kumi kwa siku. Kumi zinatosha kabisa.

Na kuzungumza Anki haikufundishi. Kwenye mtihani unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha uongee hadi dakika mbili mbele ya mtu. Neno ulilolikariri kwa macho haliji mdomoni. Kwa hilo nilimlipa yule rafiki yangu chai na chapati kila Jumamosi, tukaongea.

Mara ya pili nilipata 6.5 kwa jumla, kuandika 6. Sikuruka juu sana, lakini nilipata kilichotakiwa. Anki naipa nyota nne kati ya tano. Zile kadi za kupakua nisingezipa zaidi ya mbili.

Wenzangu wawili ofisini wameniomba niwarushie kadi zangu. Nimewarushia, ila mmoja wao ni mhasibu, na kadi nilizompa zimejaa mahindi, mbolea na viwavijeshi.