Land Rover Series III: kutunza rangi ya kiwandani au kupulizia upya?

Bodi ya Series III (1971–1985) ni ya aluminiamu, kwa hiyo rangi iliyochujuka haimaanishi bati linaoza. Kutu itafute kwenye chesisi na kwenye ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva. Huko utachomelea na kupaka upya, utake usitake.

Ukiamua kutunza, osha kwa sabuni laini, kausha, kisha jaribu polishi nyepesi kwa kitambaa cha pamba kwenye kona moja. Kitambaa kikishika rangi ya gari, tuseme kijani, usishtuke: rangi ile haina koti la juu la kung'aa, na kinachotoka ni tabaka lililokufa kwa jua. Lakini kila mpako wa polishi unakula rangi isiyorudi. Kwenye kingo za mlango na boneti sugua kwa mkono tu, maana huko rangi ni nyembamba na mashine huifikia aluminiamu kwa sekunde chache. Maliza kwa nta.

Kupulizia upya kunafaa pale ambapo puti imejaa au rangi inabanduka kama maganda. Hapo kosa la kawaida ni kuruka praima ya asidi, yaani rangi ya msingi inayong'ata aluminiamu: aluminiamu tupu haishiki rangi ya kawaida, nayo hubanduka. Ukishapiga msasa, paka praima siku hiyohiyo.

Kwangu mimi, mikwaruzo ya miaka 40 ina thamani kuliko mng'ao mpya. Rangi ya kiwandani hupakwa mara moja tu.