Terraform na OpenTofu kwenye klaudi tatu kwa mpigo: uzoefu wangu

Niseme mapema kabisa: mtu akiniuliza kama hizi zana za kuandika miundombinu kwa msimbo zinafaa namjibu ndio bila kuzunguka, ila akiongeza kwamba anataka aandike mara moja tu alafu arushe kwenye klaudi yoyote (seva za kukodi mtandaoni), AWS ya Amazon, Azure ya Microsoft, Google Cloud, hapo namwambia kaa kwanza tuongee. Hiyo ndoto inauzwa sana, na ndo inayofanya watu waje kulalamika baadaye kwamba zana ni kimeo wakati zana yenyewe haifanyi kazi hivo. Mi Terraform nimeishi nayo, siku hizi kazi nyingi nazipitisha kwa OpenTofu, tawi lililotoka kwenye Terraform, na Pulumi, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, pia nimeitumia kwenye mradi kamili sio kuonja tu.

Kwa ambaye hajawahi kugusa: Terraform ilitolewa na HashiCorp mwaka 2014, unaandika kwenye mafaili unachotaka kiwepo, mtandao huu, seva hii, databesi ile, kwa lugha yao inaitwa HCL, yenyewe inatafuta njia ya kufika huko. Kila klaudi ina provaida yake, yaani kiprogramu kinachojua kuongea na API ya klaudi hiyo (mlango ambao programu zinaongea nayo), na zipo provaida za vitu vingine kibao, za DNS (majina ya tovuti), za GitHub, za Kubernetes. Kwangu mimi utamu wa kuitumia kwenye klaudi nyingi uko hapo, msimbo hauwi mmoja ila utaratibu unakuwa mmoja. IP ya kitu kilichozaliwa Azure unaipeleka moja kwa moja kwenye rekodi ya DNS iliyoko AWS na kwenye ukuta-moto (firewall) wa Google bila mtu kukopi na kupesti, na injinia aliyezoea klaudi moja akihamishiwa kwenye nyingine anakuta plan (orodha ya yatakayobadilika) ni ileile, apply (kuyatekeleza) ni ileile, mapitio ya msimbo ni yaleyale.

Na hiyo plan ndo sababu kubwa siwezi kurudi kubofya-bofya kwenye konsoli, ukurasa wa klaudi wa kuunda vitu kwa mkono. Kabla hujagusa kitu inakuorodheshea, alama ya kujumlisha ni kinachoongezwa, kiwimbi ni kinachobadilishwa, alama ya kutoa ni kinachofutwa, chini inakupa hesabu. Watu wengi wanaangalia hiyo hesabu ya chini tu wanapitisha, kosa kubwa sana hilo. Alama ya kuogopa ni ile ya kutoa na kujumlisha kwa pamoja, -/+, pembeni yake imeandikwa "forces replacement", maana yake kitu kinafutwa kwanza alafu kinaundwa kipya. Kuna siku dogo mmoja kwenye timu alileta badiliko dogo tu, kabadilisha jina la databesi lifanane na mengine, ukisoma msimbo ni mstari mmoja hauna shida yoyote, ukisoma plan unakuta databesi nzima ya uzalishaji inapigwa chini na kuzaliwa upya ikiwa tupu. Tukalisimamisha palepale kwenye mapitio. Ndo maana kwenye databesi na baketi (hifadhi za mafaili) zote zenye data za watu naweka prevent_destroy, mtu akijaribu kufuta inagoma na kupiga kelele, ingawa ujue ukiifuta ile bloku nzima ya rasilimali kwenye faili basi na hiyo kinga inaondoka nayo, watu wanasahau hilo.

Sasa turudi kwenye ile ndoto ya kuandika mara moja. Chukua mtandao tu, kitu cha kwanza kabisa kila mtu anaunda. Kwa Google VPC (mtandao wako binafsi ndani ya klaudi) ni ya dunia nzima na sabneti (vipande vyake) ndo zinakaa kwenye rijoni (eneo la kijiografia), kwa AWS VPC inakaa kwenye rijoni moja na kila sabneti imefungwa kwenye zoni moja (sehemu ndani ya rijoni), kwa Azure mtandao ni wa rijoni moja lakini sabneti inapita zoni zote, na tena karibu kila kitu lazima kiwe ndani ya resource group, kapu la kupangia rasilimali, ambalo kwa AWS sio la lazima. Ukija kwenye ukuta-moto, security group za AWS zinaruhusu tu, hamna sheria ya kukataa, Azure kila sheria ina namba ya kipaumbele kuanzia 100 mpaka 4096, Google nao wana vipaumbele vyao 0 mpaka 65535. Haya, niambie hapo moduli moja (kifurushi cha msimbo wa kutumia tena) ya mtandao unaiandikaje? Nimeona timu ikijaribu, wakaweka kigeuzi kinachosema klaudi gani alafu ndani wakajaza masharti, kama ni hii fanya hivi kama ni ile fanya vile, mwisho wa siku moduli ikawa msitu ambao hakuna anayethubutu kuugusa, na kila kitu kizuri cha klaudi moja kilikuwa kimekatwa kwa sababu nyingine haina. Ninachofanya mimi ni moduli tofauti kwa kila klaudi, ila matokeo wanayotoa yana majina yaleyale, kitambulisho cha mtandao, orodha ya sabneti, basi, anayezitumia huko juu hahangaiki kujua ndani kuna nini.

Na majina aisee, majina yatakutoa jasho kuliko mitandao. Baketi ya S3, hifadhi ya mafaili ya AWS, inakubali herufi mpaka 63 na vistari katikati, storage account, hifadhi ya Azure, ni kuanzia herufi 3 mpaka 24, herufi ndogo na namba tu, kistari hakitakiwi. Kwa hiyo ule mpangilio wenu mzuri wa jina la kampuni-mazingira-kazi mliokubaliana kwenye kikao unakufa siku ya kwanza mnapofika Azure. Tegi (vibandiko vya kutambulisha rasilimali) nazo hivohivo, AWS inakubali herufi kubwa, lebo za Google zinataka herufi ndogo, ukiandika Mazingira kwa M kubwa upande mmoja inapita upande mwingine inakataliwa. Mi niliishia kuandika kijimoduli cha majina tu, kinapokea jina kamili kinatoa jina la kila klaudi, kinashusha herufi zote, kinatoa vistari, kinakata urefu na kuongeza vitarakimu mwishoni ili yasigongane. Ni kitu kidogo cha kijinga lakini ndo moduli inayotumika kuliko zote.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mengi ya hayo hutayaona kwenye plan. Plan inapita kijani kibichi kabisa, unaenda apply, katikati inakufa kwa sababu jina limeshachukuliwa na mtu mwingine duniani au kwota (kikomo cha matumizi) ya rijoni imeisha, na Terraform hairudishi nyuma, vilivyoundwa vimebaki, visivyoundwa hamna, unarekebisha unaendelea mbele. CloudFormation, zana ya AWS ya kazi kama hii, ikifeli inarudisha yenyewe, waliotokea huko inawashtua sana hii mara ya kwanza. Binafsi nimeizoea na hata naipenda maana najua kilipoishia, ila usiku wa manane sio kitu cha kufurahia.

Steti sasa. Hapa ndo ningependa watu wasome taratibu. Kila kitu inachokiunda inakiandika kwenye faili la steti, ni JSON ya kawaida tu (maandishi yanayosomeka na yeyote), na ni kama daftari la madeni, likipotea vitu bado vipo huko nje lakini hujui tena kipi ni cha nani. Isikae kwenye kompyuta ya mtu, iweke kwenye baketi yenye kuhifadhi matoleo ya nyuma na iwe na kufuli ili watu wawili wasipige apply kwa wakati mmoja. Zamani ukitumia S3 ulilazimika kuongeza jedwali la DynamoDB (databesi ya AWS) kwa ajili ya kufuli tu, kuanzia Terraform 1.10 kuna use_lockfile inayofunga kwenye S3 yenyewe, ukihifadhi Google au Azure kufuli lipo tayari. Lingine ni kwamba nywila zinazopita kwenye rasilimali zinaandikwa humo wazi wazi, wengi hawajui, wanaficha kwenye msimbo alafu steti inasomwa na kila mtu ofisini. OpenTofu waliweka usimbaji fiche (encryption) wa steti kwenye toleo la 1.7 mwaka 2024 na kwangu hiyo peke yake ilitosha kuhama, Terraform nao wakaja na thamani za muda ambazo haziandikwi kwenye steti kabisa.

Alafu usiweke klaudi zote kwenye steti moja, nakusihi. Nilirithi mradi uliokuwa hivo, steti moja imebeba kila kitu cha kila mahali, siku klaudi mojawapo API yake ikalemaa na sisi tulichokuwa tunataka ni kubadilisha rekodi moja ya DNS iliyoko klaudi nyingine kabisa, plan haimaliziki kwa sababu kabla ya chochote inapita kuuliza hali ya kila rasilimali na huko kwenye wagonjwa hakuna anayejibu. Fikiria, mmeenda klaudi nyingi ili moja ikianguka mbaki mmesimama, alafu zana ya kuwahamisha ndo imefungwa miguu na ileile iliyoanguka. Unaweza kuruka kwa -refresh=false au -target lakini hizo ni za dharura. Tuligawa, steti kwa kila klaudi, kwa kila mazingira, na mtandao peke yake mbali na programu, plan nazo zikawa fasta mno.

Kuhusu watu kushika vitu kwa mkono kwenye konsoli, hiyo haiishi hata ukiweka sheria gani, mfumo ukianguka mtu atafungua mlango kwenye ukuta-moto kwa kubofya na ana haki, shida ni asubuhi yake. Sisi kuna kazi inaendesha plan kila usiku kwa -detailed-exitcode, ikitoa 0 hamna kilichobadilika, ikitoa 2 kuna kitu kimepishana na msimbo na ujumbe unaenda kwenye gumzo la timu. Vitu vya zamani ambavyo havijawahi kuandikwa, tangu toleo la 1.5 la mwaka 2023 unaandika bloku ya import na inaweza hata kukutengenezea msimbo wa kuanzia, msimbo wenyewe ni mchafu unahitaji kusafishwa lakini ni afadhali kuliko kuanza na ukurasa mtupu. Funguo za kudumu za klaudi kwenye paipulaini (mfumo unaoendesha plan na apply wenyewe) achana nazo, klaudi zote tatu zinakubali OIDC, njia ya kujitambulisha bila funguo hizo, paipulaini inapata tokeni ya muda mfupi inamaliza kazi inakufa.

Sakata la leseni najua wengi mnalijua. Agosti 2023 HashiCorp waliiondoa Terraform kwenye MPL 2.0, leseni ya programu huria, wakaipeleka BSL 1.1 yenye masharti, watu wakachachamaa, likazaliwa tawi la OpenTofu chini ya Linux Foundation na toleo lao la kwanza la kutumika, 1.6, likatoka Januari 2024. IBM nao wakatangaza kuinunua HashiCorp kwa dola bilioni 6.4 mwaka huohuo na wakamaliza Februari 2025. Kiukweli kama wewe unatumia tu kwa mambo ya ndani ya kampuni yako BSL haikuzuii, inawabana wanaouza bidhaa za kushindana nao. Kuhama kwangu kulikuwa kwepesi, kuandika tofu badala ya terraform na kuangalia plan haionyeshi mabadiliko, ila hiyo ilikuwa mapema, sasa hivi zinaachana kila toleo. OpenTofu 1.9 unaweza kupitisha for_each (kurudia kitu kwa kila kilichomo kwenye orodha) kwenye provaida, kwa sisi wa rijoni nyingi hiyo inafuta kurasa nzima za kurudia-rudia, lakini ukishaitumia kurudi nyuma sio rahisi tena, kwa hiyo chagua ukijua.

Pulumi ni nzuri, tusidanganyane. Unaandika kwa Python au TypeScript au Go, mizunguko ya kweli, majaribio ya kweli, timu ya madevelopa watupu wataipenda siku hiyohiyo. Kilichonirudisha ni mapitio: uhuru ukiwa mwingi kila mtu anaonyesha ujanja wake, unakuta darasa limerithi darasa limerithi darasa ili kuunda baketi moja, na mtu wa mtandao au wa usalama ambaye hakulelewa kwenye programu anashindwa kusoma kitakachotokea. HCL inaboa, ndio, lakini kuboa kwake ndo kunafanya kila mtu aisome. Bicep ya Azure na CloudFormation kama uko klaudi moja na huendi popote ni sawa kabisa, Ansible naiacha ifanye kazi za ndani ya seva.

Nikiambiwa nitoe nyota natoa nne kati ya tano kwa OpenTofu, ile moja naikata kwa ajili ya matoleo ya provaida. Zile za klaudi kubwa zikipanda toleo kuu kuna vitu vinavunjika, ya AWS ilipofika 4.0 mipangilio ya baketi ya S3 ikatawanywa kwenye rasilimali kibao, ya Azure 4.0 ikaanza kudai subscription_id iwepo wazi. Kwa hiyo funga matoleo, faili la .terraform.lock.hcl liingie kwenye Git, na kama timu ina watu wa Mac wakati paipulaini ni Linux endesha tofu providers lock ukitaja majukwaa yote mawili, linux_amd64 na darwin_arm64, la sivyo utakuja kukutana na kosa la hashi (alama za kuthibitisha faili) zisizolingana kwenye paipulaini wakati kwenye mashine ya kila mtu inapita fresh.