Uzoefu wangu: jioni moja ugenini, bila gari, kwa ramani isiyohitaji intaneti

Kikao kiliisha saa tisa na nusu alasiri, mapema kuliko tulivyoambiwa, na safari ya kurudi ilikuwa asubuhi ya siku ya pili. Nyumba ya wageni niliyopangiwa ilikuwa pembezoni mwa mji, kando ya barabara kuu, mahali ambapo mwenye gari haoni tabu lakini asiye nalo hubaki akihesabu mbao za dari. Jioni za namna hiyo nimezimalizia chumbani mara nyingi mno. Safari hii nilitoka, na kilichonitoa ni programu ya ramani inayofanya kazi bila mtandao. Zipo kadhaa za bure, Organic Maps na OsmAnd zikiwemo, na karibu yote nitakayoeleza hapa yanazihusu zote.

Ramani ya eneo zima niliipakua kwa waifai ya pale mapokezi, maana laini yangu haikuwa na mtandao huko. Kabla sijavuka mlango nikaweka alama mahali nilipolala. Jambo dogo, lakini mgeni asiyejua jina la mtaa aliofikia hana hata cha kuuliza akipotea.

Nje, kile kitone cha buluu kinachoonyesha ulipo kilikawia kutokea, nikadhani simu imegoma. Kumbe ni kawaida. Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na simu haizitumii kitu, inapokea tu. Ikizisikia nne, inajua ilipo. Intaneti ikiwepo, simu huambiwa mapema setilaiti ziko wapi. Isipokuwepo, hulazimika kusubiri kila setilaiti ijieleze yenyewe, na maelezo hayo hurudiwa kila sekunde 30. Kwa hiyo usiondoke mbio ukiwa umebanwa na kuta ndefu. Simama mahali peupe, mbingu ionekane, uvute subira dakika mbili tatu. Mshale wa mwelekeo nao ukiyumba, izungushe simu hewani kama unayeandika tarakimu ya nane, mbali na vyuma.

Kilichonifurahisha zaidi ni vijia. Ramani za programu hizi hutokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzia Uingereza mwaka 2004, ambao huchorwa na watu wa kujitolea na ambao mtu yeyote anaweza kuurekebisha. Wachoraji wengi ni watembeaji, na inaonekana. Nyuma ya nyumba ya wageni, ambapo macho yangu yaliona ukuta na magugu, ramani ilikuwa na mstari mwembamba wa vitone unaoshuka hadi mtoni. Nikazunguka ukuta, na kweli, kijia kilikuwepo, kimekanyagwa hadi udongo ukang'aa. Mwenye gari asingekiona maisha yake yote.

Nilipiga hesabu kabla ya kushuka. Mtu mzima akitembea kawaida hukata kilomita moja kwa dakika 12 hivi. Kutoka pale hadi kilima nilichokichagua, ng'ambo ya mto, ilikuwa kilomita tatu. Dakika 36 basi, ila mistari ya mwinuko ilikuwa imebanana upande wa kilima, na ikibanana ujue ni mteremko mkali, kwa hiyo nikajipa saa nzima. Jua lilikuwa limebakiza saa mbili na nusu. Nikajiwekea sharti: saa ya kugeuka ikifika nageuka, hata kama kilele kiko mbele ya pua.

Sikufika kileleni. Nilikaa mtoni. Palikuwa na jiwe pana lililotokeza majini, na wavulana wawili walikuwa wakishindana kurusha vijiwe viruke juu ya maji. Mmoja alikuwa na mkono mwepesi, kijiwe chake kikigusa maji mara tano, sita, kabla ya kuzama, na kila kilipozama mwenzake alipiga kelele ya furaha utadhani ni chake. Nilikaa pale hadi saa ya kugeuka. Niliiweka simu mfukoni, na nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa ya chombo hiki: ukishajua njia ya kurudi, roho inatulia na unaweza kutazama mambo mengine.

Kurudi ndiko kulikonipa kazi. Nilitaka kuzunguka kwa njia nyingine, ramani ikanielekeza kwenye kijia kinachokatiza nyuma ya mashamba, na katikati nikakuta lango la chuma lenye kufuli. Mama mmoja alikuwa akipita na mzigo kichwani.

"Samahani mama, hapa hapapiti?"

"Pamefungwa siku nyingi, mwanangu. Rudi hadi kwenye daraja dogo, ushike kulia."

Kilomita mbili zikaongezeka, na mwanga ulikuwa unaondoka. Hapa nionye: karibu na ikweta giza huingia upesi, hazipiti dakika 25 tangu jua kuzama, wakati mbali kaskazini au kusini mwanga huweza kuchelewa sana kwisha majira ya joto. Usipime jioni ya ugenini kwa jioni ya kwenu. Programu pia haikunionyesha barabara ipi ina taa, na nilipofika barabarani nikakuta giza tupu na magari yanayokwenda kasi, bila kando ya kutembelea. Kutembea pale ningekuwa nachezea maisha yangu.

Kilichoniokoa ni kituo cha basi. Ramani ilikuwa imeonyesha kilipo, lakini si saa za mabasi. Wakati wa kwenda nilikuwa nimepita hapo hapo, nikasimama na kuipiga picha ratiba iliyobandikwa kwenye nguzo. Sasa niliifungua: basi la mwisho lilikuwa bado dakika 20. Nikasubiri chini ya taa pekee iliyokuwepo, nikapanda, na kile kitone kikanionyesha pa kushukia bila kumsumbua dereva.

Chaji ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, kwa sababu kutwa nilikuwa nimezima utafutaji wa mtandao na kupunguza mwanga wa skrini. Skrini ndiyo hula chaji kuliko yote.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya taa za barabarani na saa za mabasi, ambavyo kwa mtu asiye na gari si mapambo. Hayo tafuta mwenyewe kungali mchana, kwa macho yako au kwa kuuliza wenyeji.

Usiku ule, kabla ya kulala, nilijiandikisha OpenStreetMap na kuchora lile lango mahali lilipo, nikabainisha kuwa halipitiki. Wiki kadhaa baadaye nilipakua upya ramani ya eneo lile, ingawa sikuwa na safari ya huko. Lango lilikuwepo.