Kapasita za amplifaya ya valvu: ipime uzito kwanza, ndipo utoe hela

Kapasita nne, vikopo vya kuhifadhi umeme ndani ya amplifaya yangu ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), za ujazo wa mikrofaradi 47, volti 450, nilizinunua Kariakoo kwa shilingi 6,000 kila moja. Muuzaji alizipima kwa mita mbele yangu, zikasoma 46 na 47, nikaridhika. Jioni ya tatu taarabu ikazama ndani ya mvumo, mara kopo moja likapasuka, chumba kizima kikanuka kama samaki aliyeungua.

Nililichana kopo lile kwa wembe. Ndani mlikuwa na kapasita nyingine ndogo, imebanwa kwa karatasi ngumu isitikisike, imeandikwa 47 na volti 250. Umeme ndani ya amplifaya yangu ni volti 310.

Hapo ndipo tunapopigwa wengi. Mita ya kawaida hupima mikrofaradi kwa volti chache tu; haiwezi kukuambia kapasita itahimili volti ngapi. Basi pima uzito. Nilizipeleka feki moja kati ya zilizobaki na kapasita ya kweli ya kampuni ya Nichicon kwa sonara wa mtaani kwetu, akaziweka kwenye mizani ya dhahabu: feki ilikuwa nyepesi kwa karibu nusu. Kama huna mizani, shika moja kila mkono, utaisikia. Nailoni ya juu ikizunguka ukiisukuma kwa kidole, au maandishi yakitoka kwa kucha, mrudishie mwenyewe.

Namba moja kwangu ni Nichicon ya Japani, inayohimili joto la nyuzi 105. Mimi ni mtu wa Nichicon na sifichi. Hizo nyuzi zina maana: joto likipanda kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa karibu nusu, na hapa Dar kapasita inakaa jirani na valvu za moto ndani ya chumba ambacho chenyewe kinafuka. Ya pili F&T ya Ujerumani, hasa kwa amplifaya za zamani zinazotaka kapasita yenye waya huku na huku. Ya tatu JJ ya Slovakia, unapohitaji kopo moja lenye kapasita mbili. Zisizo na jina, hapana.

Zile ndogo zinazopitisha sauti kati ya valvu na valvu, weka za kampuni ya WIMA, za volti 630. Za karatasi za miaka ya 1950 ng'oa zote. Zikivuja, valvu ya kusukuma spika kama EL84 huiva ndani ikawa nyekundu. Na zile kubwa za kuhifadhi umeme, usikubali kuuziwa za mikrofaradi nyingi zaidi eti besi ipige: penye GZ34, valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, kapasita ya kwanza baada yake isizidi mikrofaradi 60.

Mwambie fundi amwage umeme uliobaki ndani ya kapasita kabla hajagusa kitu, maana unaua hata plagi ikiwa imechomolewa. Akiwasha mara ya kwanza, apitishie umeme kwenye balbu ya waya, ile ya aina ya zamani, ya wati 100. Ikiwaka sana isififie, azime.

Nilirudi dukani na vipande ndani ya bahasha. Nikaonyeshwa kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Kila kitu dukani mle kinaitwa orijino, lakini likipasuka kopo, hasara ni ya mnunuzi, na kama lingenipasukia usoni, jicho pia lingekuwa langu. Sasa nataka risiti iandikwe jina la kapasita na volti zake. Wauzaji wawili walikataa. Wa tatu aliandika bila kusita, na ingawa Nichicon yake ni elfu kumi na tano, ndiko ninakonunua.