TAHADHARI: Kuna "chuo" hapa tao kinauza kozi ya unesi wa jeshi, msitume pesa

Jameni wazazi na vijana wenye mnatafuta njia ya kuingia KDF, jeshi letu la Kenya, kama manesi, someni hii kabla mtume hata shilingi moja. Kuna ofisi huku maeneo ya River Road, Nairobi, juu kabisa kwa jengo, inajiita chuo na inauza kozi ya "unesi wa jeshi" ya miezi sita. Jina nawaachia polisi kwa sababu kesi iko njiani, lakini vile wanafanya kazi lazima niseme maana bado wanasajili watoto wa watu mpaka leo.

Msichana wa jirani yangu hapa Kayole alipata D+ kwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na tangu akiwa mdogo anataka tu kuwa nesi wa kuvaa kombati. Wakamtolea tangazo la ukweli la gazeti, lile la jeshi kuandika makuruti, wakaweka kidole pale imeandikwa D plain, wakamwambia si unaona umehitimu. Ujanja wao wote uko hapo. Hiyo D plain ni ya kuruti wa kawaida, si ya nesi. Masharti ya kusomea unesi yanasimamiwa na Nursing Council, hata kama utaenda kufanyia kazi kambini. Diploma inataka C plain ya jumla, C kwa Kiingereza ama Kiswahili, C kwa biolojia, na angalau C- kwa moja kati ya kemia, fizikia na hesabu. Digrii ni C+. Diploma ni kama miaka mitatu, digrii minne, halafu unafanya mtihani wa Council ndio upewe leseni. Miezi sita inatoka wapi?

Mamake anauza mboga, akakopa chama, akalipa fomu, akalipa yunifomu, kisha wakaitisha elfu kumi na mbili ati ya "indexing". Hii imeniuma sana kwa sababu indexing ni kitu cha kweli, kila mwanafunzi wa unesi husajiliwa na Council akianza masomo na bila hiyo namba huwezi kukalia mtihani wao. Sasa hawa wakora wanajua lugha yote ya hiyo kazi, wakampa karatasi iko na namba na muhuri, na tulipoulizia Council hiyo namba haiko, na hicho chuo hakiko kwa orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa. Orodha iko wazi kwa tovuti yao, na ofisi yao iko Kabarnet Lane kando ya Ngong Road, mtu anaweza enda kuuliza mwenyewe.

Atachmenti nayo waliambiwa itakuwa hospitali ya jeshi pale Mbagathi Road. Kila wakiuliza wanaambiwa mwezi ujao, mwezi ujao. Mwisho ndio kukaletwa maneno ya nafasi, kuna afande ndani, toa laki mbili upate barua ya kuitwa. Hapo mama akakuja kwangu na nikamwambia asitoe.

KDF hawaulizi pesa, wanaandika hivyo kwa matangazo yao yenyewe. Kuruti anaenda uwanjani na kitambulisho na vyeti orijino, anakimbizwa, anapimwa na daktari, na akichaguliwa barua anapewa hapo hapo mchana mbele ya watu. Mwenye digrii ya unesi huwa anaomba upande wa maofisa wa utaalamu. Barua ya kununuliwa hata ukifika nayo getini Eldoret kwenye mafunzo, utashikwa wewe mwenye umeibeba na si yule alikuuzia, na tumeona vijana kwa habari wakipitia hiyo aibu.

Kama gredi haijatosha, njia iko, ni ndefu lakini ni ya haki: kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, kisha kuomba KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kupitia KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo. Kozi za msaidizi wa nesi pia ziko na zinaweza kukupa kazi ya kuangalia wagonjwa, ila hazikufanyi nesi mwenye leseni, mtu asikudanganye.

Kwa wale wamelipa hapo tayari: msifute meseji za M-Pesa, chukueni stetimenti, wekeni risiti zao na hizo karatasi za muhuri, na msiwapigie kuwatisha kwa sababu watahama. Waliitisha pesa kwa namba za watu binafsi na hiyo ndiyo itawafuatilia. DCI, wale wapelelezi wa polisi, wana laini ya bure, 0800 722 203. Mama wa huyu msichana anaenda kuandika stetimenti Jumatatu asubuhi na wazazi wengine wawili wamekubali kwenda naye, mwenye alitapeliwa na hao hao anitumie inboksi leo nimuunganishe nao.