Uzoefu wangu na Home Assistant: pampu ya maji, inveta na kazi ya kutunza kiunganishi

Tangu mwaka 2021 nyumba yangu iliyopo Tabata, Dar es Salaam, inaendeshwa kwa Home Assistant, programu ya kompyuta inayosimamia vifaa vya nyumbani, na tangu 2022 ninatunza kiunganishi kidogo, yaani kipande cha msimbo nilichokiandika mwenyewe ili mfumo huo uweze kusoma inveta yangu ya umeme wa jua. Ninaandika tathmini hii nikiwa na nafasi hizo mbili kwa pamoja: mtumiaji anayetaka maji yafike kwenye simtanki kila asubuhi, na mwandishi wa msimbo ambao watu wengine wameuweka majumbani mwao. Mfumo wa namna hii haupimwi kwa siku ulipofungwa, kwa kuwa siku hiyo kila kitu hupendeza. Hupimwa kwa yale yanayotokea matoleo mapya yanapokuja mwezi baada ya mwezi, umeme unapokatika na kurudi, na aliyeufunga anapokuwa safarini huku familia ikihitaji maji.

Kabla ya hapo nilikuwa na swichi sita za kiwanda kimoja, ambazo kila amri yake ilisafiri kwanza hadi seva iliyo nje ya nchi ndipo irudi nyumbani. Bando lilipoisha, taa ya uani iliyo hatua chache kutoka nilipoketi haikuitika kwenye simu. Baadaye kiwanda hicho kilifunga huduma, na swichi zote sita zikawa hazina kazi ingawa ndani yake hapakuwa na kitu kilichoharibika. Fedha ile iliniuma, lakini iliniuma zaidi kuona kwamba kifaa nilichokilipia kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine muda wote. Ndipo nilipoanza kutafuta mfumo wa chanzo huria, yaani ambao msimbo wake uko wazi kwa wote, na ambao ungefanya kazi ndani ya nyumba hata kama intaneti haipo kabisa.

Home Assistant ulianzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen, umeandikwa kwa lugha ya programu ya Python, na msimbo wake mkuu unatolewa kwa leseni ya Apache 2.0, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha. Mwaka 2018 ilianzishwa kampuni ya Nabu Casa, ambayo huuza huduma ya kuufikia mfumo ukiwa mbali na nyumbani na kutumia mapato hayo kuwalipa wanaouendeleza. Mwaka 2024 umiliki wa mradi, pamoja na miradi mingine kama ESPHome (programu ya kuendesha bodi ndogo za kielektroniki), ulikabidhiwa kwa Open Home Foundation, taasisi isiyo ya faida iliyosajiliwa Uswisi. Kwa mtu aliyewahi kuachwa na swichi sita zisizo na kazi, habari ya nani anamiliki mradi si jambo dogo, na nilipumua niliposoma kwamba hakuna kampuni inayoweza kuununua na kuufunga.

Mfumo wenyewe niliuweka kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja. Kazi ya kwanza niliyoupa ilikuwa maji, kwa kuwa kwetu maji ya bomba huja kwa mgao, mara nyingi usiku. Yakija hujaza tanki la chini la lita 5,000, kisha pampu ya kilowati 0.75 huyapandisha hadi kwenye simtanki la lita 2,000 juu ya mnara. Zamani tulitegemea boya na sikio la mama mkwe wangu, ambaye alijua kwa mlio tu kwamba pampu inavuta hewa, akatoka haraka kuizima. Pampu ikizunguka bila maji, sili yake huungua, na fundi akiifungua hakuna linalobaki isipokuwa kununua nyingine. Nilifunga bodi ndogo ya ESP32 yenye programu ya ESPHome na Wi-Fi, kihisi cha mawimbi ya sauti kisichoingia maji chini ya mfuniko wa kila tanki ili kupima kina cha maji, na relei, yaani swichi inayoendeshwa na bodi hiyo, ya kuwasha pampu.

Hapa kuna mambo mawili ambayo ningependa mtu mwingine ayajue kabla ya kuanza. La kwanza ni kwamba ile relei ndogo ya buluu iliyoandikwa ampea 10 haifai kubeba mota ya pampu moja kwa moja, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ule wa kawaida yake, na cheche zile huunganisha ncha za relei zikagandana. Yangu iligandana wiki ya tatu, na maji yakamwagika kutoka mnarani hadi alfajiri. Relei iendeshe kontakta, yaani swichi kubwa iliyotengenezwa kubeba mota, na kontakta ndiyo iwashe pampu. La pili ni kwamba kihisi cha aina hiyo hakisomi kitu kilicho karibu nacho chini ya takriban sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo kikifungwa usawa na mdomo wa tanki, tanki likijaa sana kitatoa namba za ajabu. Nilikinyanyua kwa kipande cha bomba la PVC, nikaweka na kichujio kinachochukua namba ya katikati kati ya vipimo kadhaa ndani ya ESPHome, na tangu hapo namba zimetulia.

Funzo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2023 nikiwa Dodoma kikazi. Adapta ya umeme ya Raspberry Pi ilikufa, na mfumo mzima ukazimika. Nilidhani pampu ingeendelea salama, kumbe sikuwa nimesoma maelezo ya ESPHome kwa makini: kifaa kisipounganishwa na programu yoyote, kama Home Assistant, kwa dakika 15, hujizima na kujiwasha upya, na swichi yake hurudi ikiwa imezimwa. Mantiki yake ni nzuri, kwa kuwa kifaa kilichokwama mara nyingi hupona kwa kuwashwa upya. Lakini nyumbani kwangu kilikuwa kikijizima katikati ya kupandisha maji, na kwa kuwa kanuni za kuiwasha pampu nilikuwa nimeziandika ndani ya Home Assistant peke yake, hapakuwa na wa kuiwasha tena. Mke wangu aliendesha pampu kwa swichi ya mkono siku nne.

Niliporudi nilihamisha kanuni zote za maji ndani ya ESP32 yenyewe. Sasa bodi hiyo inajua kwamba tanki la juu likishuka chini ya asilimia 30 na tanki la chini likiwa na maji ya kutosha, pampu iwake, izime ikifika asilimia 90, na isizidi dakika 50 kwa hali yoyote ile. Ule muda wa dakika 15 nimeuweka sifuri ili kifaa kisijiwashe upya kwa sababu hiyo. Home Assistant unaonyesha viwango, unatunza historia na kunitumia ujumbe kwenye simu, ila ukizimika, maji yanapanda. Nimewafungia ndugu na majirani watatu kwa mpangilio huohuo, na sikubali tena kufunga kwa mpangilio mwingine, hata mtu akisema ana haraka.

Upande wa inveta ndiko nilikojifunza maana ya kutunza msimbo. Inveta yangu ina tundu la waya wa mawasiliano la RS485 na huzungumza Modbus, itifaki (lugha ya mawasiliano ya vifaa) ya mwaka 1979 ambayo bado ipo viwandani kote. Unaiuliza inveta kilichomo kwenye rejista (kisanduku cha kumbukumbu) namba fulani, nayo inarudisha namba ya biti 16. Kusoma volti za betri kulinichukua jioni moja. Kuandika kiunganishi ambacho mtu mwingine anaweza kukiweka bila kunipigia simu kulinichukua miezi mitano.

Niliwaza kukipeleka kwenye mradi mkuu, nikakutana na masharti ambayo mwanzoni niliyaona ni usumbufu na leo nayatetea. Msimbo unaozungumza na kifaa hauruhusiwi kukaa ndani ya Home Assistant. Lazima uwe maktaba ya Python inayojitegemea, iliyochapishwa kwenye PyPI, ghala la mtandaoni la maktaba za Python, na kiunganishi kiiite maktaba hiyo. Mipangilio ifanyike kwenye skrini, isiwe kwenye faili la YAML, yaani la maandishi linalohaririwa kwa mkono. Majaribio yaandikwe. Kila kiunganishi kina mtu aliyeandikwa kuwa mwangalizi wake, na hitilafu ikiripotiwa, yeye ndiye hujulishwa. Nilitenganisha maktaba kama walivyotaka, na faida nikaiona haraka: hitilafu ya kusoma rejista naweza kuijaribu mezani kwa waya na kompyuta tu, bila kuwasha Home Assistant. Kiunganishi chenyewe hata hivyo nimekiacha nje ya mradi mkuu, kikiwekwa kwa njia ya HACS, duka la viunganishi vya wanajamii lisilo la mradi mkuu, kwa sababu sijafikia kiwango cha majaribio kinachotakiwa, na sitaki kupeleka kazi ambayo sitaweza kuihudumia.

Watu wanaokitumia wako nchi nyingi ambazo sijafika. Mmoja wao aliripoti kwamba betri yake ndogo inatoa wati 65,236, na akaambatisha picha ya skrini. Nilipoiona namba hiyo nilijua kosa ni langu. Biti 16 hubeba thamani 65,536 tofauti, na namba hasi huandikwa kwa kuitoa kutoka hapo. Ukitoa 300 unapata 65,236. Betri yake ilikuwa inatoa wati 300, na inveta ilikuwa imeandika hasi 300, ila mimi niliisoma rejista kana kwamba haiwezi kubeba namba hasi. Inveta yangu hutumia rejista mbili tofauti, ya kuchaji na ya kutoa, kwa hiyo nyumbani kwangu kosa hilo lisingeonekana maisha yangu yote. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Nilimshukuru kwa dhati, kwa sababu aliyetumia nusu saa kuandika ripoti yenye namba kamili, toleo na aina ya inveta ameufanyia mradi kazi sawa na aliyeandika msimbo.

Kuhusu matoleo, Home Assistant hutoa jipya kila mwezi, kwa kawaida Jumatano ya kwanza, na namba yake ni mwaka na mwezi. Kasi hiyo ina gharama kwa anayetunza kiunganishi. Majina ya zamani ya vipimo yanayotumika ndani ya msimbo, kwa mfano lile la volti, yalibadilishwa kuwa ya mtindo mpya, na onyo likawa linaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo kila unapowaka, likitaja hadi toleo ambalo majina ya zamani yataondolewa: 2025.1. Nililiona onyo hilo kwa muda mrefu, nikaahirisha. Januari 2025 ilipofika, kiunganishi changu hakikuwaka kwa yeyote aliyesasisha, na asubuhi ile nilikuta ripoti kumi na moja. Mradi ulikuwa umenipa taarifa ya kutosha, na uzembe ulikuwa wangu. Siku hizi kila mwisho wa mwezi, toleo la majaribio linapotoka wiki moja kabla ya toleo kamili, huliweka kwenye kompyuta ya pembeni, husoma kumbukumbu mstari kwa mstari, na kurekebisha kabla watumiaji hawajafikiwa.

Nyumbani kwangu sisasishi siku toleo linapotoka. Husubiri marekebisho mawili ya kwanza, hutengeneza nakala ya akiba na kuihifadhi nje ya kifaa, ndipo nikasasisha Jumamosi asubuhi nikiwepo. Memori kadi nimeachana nayo, kwa maana hifadhidata ya mfumo huandika kila sekunde tano na kadi mbili zilinifia ndani ya mwaka. Natumia diski ya SSD, na nimeongeza muda huo kuwa sekunde 30. Historia ya kina hutunzwa siku 10 usipobadilisha, lakini takwimu za kila saa hubaki, na kwa takwimu hizo naweza kulinganisha umeme wa jua wa Aprili ya mvua na ule wa Januari bila kufungua daftari.

Kasoro ninayoiona kubwa kwa wasomaji wa Kiswahili ni maelezo. Yote ya maana yapo kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha watu wa kompyuta, na mafundi umeme hodari ninaowafahamu, ambao wangeweza kufunga mfumo huu vizuri kuliko mimi, hukwama kwenye ukurasa wa kwanza. Faili la YAML nalo halisamehe: nafasi mbili zikikosekana mwanzoni mwa mstari, kanuni haiwaki. Mtu asiyependa kusoma maelekezo wala kumbukumbu za hitilafu, simshauri aufunge peke yake. Amtafute mtu wa kumtunzia, na amlipe, kwa sababu kazi hii haiishi siku ya kufunga.

Kwa wiki tatu sasa ninaandika kwa Kiswahili mwongozo wa kufunga kihisi cha tanki, kontakta na ESP32, pamoja na mchoro wa waya wenye rangi zinazopatikana Kariakoo. Fundi wa jirani ameufuata jana hadi ukurasa wa sita bila kuniuliza swali. Wa saba, unaoeleza namna ya kuweka kikomo cha dakika 50, ulimshinda, na ndio ninaouandika upya leo usiku.